MTAMA WA KULISHA MBUZI: TUPANDE UPI?



Ninyi wote mmekwisha kusikia habari ya shamba la matete. Inasemwa ya kama matete yote yaliyo nyuma ya mabweni yatang'olewa, na mtama wa majani utapandwa pahali pake pote, toka mfereji hata njia inayoshuka Lualaba. Mkutano wa wazazi utakata neno mbele ya likizo kubwa. Sisi viongozi wa wanafunzi, wa mwaka wa mwisho, Sekshoni ya Kilimo, tuliombwa kutoa mawazo yetu. Kusema kwa kinywa tu ni kuyapa maneno upepo. Tumeona vema kuyaandika hapa, kila mtu ayasome polepole.

Wengine watacheka: majani ya mbuzi, ni shauri gani hilo la kujaza kurasa za gazeti? Basi wasikie. Mbuzi zetu 12 si mapambo ya masomo. Zinauzwa mwanzo wa mwaka, mbele ya kuandikisha majina kwa Examen d'Etat, na feza yake inasaidia wale ambao wazazi wao hawakupata. Tangu 2019 masomo ya msingi ni bure katika inchi yetu, lakini kwa sekondari wazazi wanaendelea kutoa feza, na mtihani wa mwisho una feza yake pia. Mwaka jana kiangazi kilipokwisha, mbuzi zilikuwa mbavu tupu. Mnunuzi mmoja wa soko aliishika moja mgongoni, akatuuliza, "Hii muko munauzisha nyama ao ngozi?" Akatoa bei ya ngozi. Wenzetu wawili walingoja mwaka mwingine. Ndiyo sababu hatucheki.

Mambo yalianza na karatasi. Mzazi mmoja mfanya biashara alirudi toka Uvira na mbegu za mtama za namna tatu ndani ya mifuko midogo, pamoja na karatasi ya matangazo ya ng'ambo. Tunamshukuru sana, kwa maana mifuko ile aliibeba kwa mkono wake mwenyewe, na njia ya kufika Kindu kila mtu anaijua. Kwa ile karatasi imeandikwa ya kama mtama wa majani una protini 17 kwa 100. Matete yakizeeka yanaweza kushuka hata chini ya 7. Kila mtu aliyeona hesabu hizi mbili alisema papo hapo: basi tung'oe matete.

Sisi hatuikatai karatasi. Lakini tuliiuliza maulizo ambayo haikujibu. Ule mtama ulikatwa na umri gani? Ulipandwa inchi gani? Na mnyama alikula nini hasa ndani yake, jani ao bua?

Tuanze na umri. Hesabu ya protini inapimwa juu ya kitu kilichokaushwa, maji yote yametoka. Sasa tuchukue kilo 10 za mtama mchanga, wa majuma tano ao sita. Karibu kilo 8 ni maji. Zimebaki kilo 2. Kama protini ni 17 kwa 100, tunapata gramu 340. Tuchukue tena kilo 10 za mtama ule ule, shamba lile lile, mbegu ile ile, lakini tumeuacha mpaka umezaa na kukauka kidogo. Maji yamepungua, kitu kikavu kimekuwa kilo 3. Lakini protini imeshuka, tuseme 7 kwa 100. Tunapata gramu 210. Mwenye shamba atasema, lakini ule mzee umenipa mizigo mingi kupita ule mchanga! Ni kweli. Mtama ukiachwa unaongeza uzito wa shamba, na kila siku unapunguza uzuri wa kila kilo. Mambo haya mawili hayatembei pamoja, na karatasi imeonyesha lile moja tu lenye kupendeza.

Hesabu ya 7 tumeitaja mara mbili, na si kwa bahati. Ndani ya tumbo kubwa la mbuzi mna vidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyochachisha majani. Mbuzi mwenyewe peke yake hana nguvu ya kusaga nyasi. Vidudu hivi navyo vinataka protini. Ikishuka chini ya 7 kwa 100 hivi, vinalegea, majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kusagwa, na mbuzi inaacha kula. Sasa mnafahamu jambo lililotushangaza sote mwezi wa 7 mwaka jana: tumbo kubwa, mbavu za nje, na majani yamelala mbele yake. Wengine walisema zimerogwa. Hapana. Zilishiba bua.

Mbegu tatu tulizipanda kwa mistari nyuma ya jiko, mwezi wa 9 mvua ilipoanza. Mwalimu wetu wa kilimo alituachia kazi yote, akapita tu jioni kutazama.

Ya kwanza ni mbegu nyeupe, ya chakula cha watu. Ilikuwa ndefu kupita mwalimu, na bua moja moja. Ya pili ni mbegu ya rangi ya kahawia, kama ile ambayo katika bonde la Ruzizi wanaitengenezea pombe (juu ya pombe gazeti hili halina neno). Ya tatu ilitushangaza: mabua membamba, mengi kwa shina moja, majani mengi kama nyasi, na kichwa chake ni kidogo na kilichotawanyika. Mwalimu alisema hii ni jamaa ya nyasi ya Sudani. Mtama wenyewe ni mtoto wa Afrika. Karibu na Kasala, mashariki ya Sudani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta alama za mtama uliolimwa zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Na ile nyasi ya Sudani, Wamarekani walipata mbegu yake toka Khartoum mwaka wa 1909, wakaipanda kwa ngombe zao, wakaizalisha pamoja na mitama mingine, na leo watoto wake wanarudi kwetu ndani ya mifuko yenye picha. Wameenda safari ndefu kupita wengi wetu.

Namna gani mtu ajue mtama upi ni mzuri kwa mnyama, bila mashini ya kupima? Hapa tulijifunza kitu ambacho kila mtoto wa kalasi ya kwanza anaweza kufanya. Chukua jani, tazama mshipa mkubwa wa kati. Ukiwa mweupe kabisa kama chaki, bua ni kavu, ndani yake ni kama sifongo. Ukiwa na rangi ya kijani iliyofifia, bua lina maji, na mara nyingi lina sukari. Tulikata na kutafuna: ya kwanza ina mshipa mweupe, bua lake ni kama kutafuna kizibo. Ya tatu ina mshipa wa kijani, na bua lake ni tamu kidogo. Wadogo wa kalasi ya kwanza walitusaidia sana kwa uchunguzi huu, hata tukalazimika kuweka mlinzi.

Kuna rangi ya tatu, kahawia, lakini kwa mbegu zetu hatukuiona. Katika chuo cha Purdue, kule Indiana, Marekani, watu walitia mbegu za mtama ndani ya dawa ya kugeuza, na mwaka wa 1978 walitangaza mitama yenye mshipa wa kahawia. Mitama hiyo ina lignini kidogo kupita mingine. Lignini ndiyo kitu kinachofanya mti kuwa mti. Vidudu vya tumbo haviwezi kuisaga, na kile kilichofungwa ndani yake kinapita bure mpaka mavi. Basi mtama wa mshipa wa kahawia unasagika vizuri zaidi. Lakini bua lenye lignini kidogo mara nyingi ni laini pia kwa upepo, linaweza kulala chini. Mtu akileta mbegu akisema ni ya namna hii, msitazame picha ya mfuko. Ngojeni jani litoke, mtazame mshipa.

Kwa mbegu za kahawia kuna jambo lingine. Mitama mingine ina tanini ndani ya ngozi ya mbegu, ule ukakasi unaokausha ulimi. Ndege hawaipendi, na mwenye shamba anafurahi. Lakini tanini inashika protini na kuizuia isisagwe, na kuku zikilishwa nyingi hazikui vizuri. Rangi peke yake inadanganya, kwa maana mitama mingine ni myekundu na haina tanini. Katika chumba cha kemia tulitia mbegu ndani ya maji ya Javel yaliyoongezwa soda kali ya kutengeneza sabuni, mwalimu akisimama karibu, maana soda hiyo inachoma mkono. Ngozi ya juu ikaliwa. Zile nyeupe zilibaki nyeupe. Zile za kahawia zikageuka nyeusi zote. Ile ni tanini. Basi ile ya pili tumeiondoa kwa chakula cha kuku, na ndege wa Kindu walikuwa wamekwisha kutuambia hivyo mbele ya kemia: mstari wa kwanza waliumaliza, wa pili waliuacha karibu mzima.

Halafu tuliwapa mbuzi wenyewe wahukumu. Tulikata mistari yote siku moja, mtama ukiwa umepita kiuno cha mtu mzima, tukaweka kila namna kwa mzigo wake, tukapima kwa mizani ile inayoingia na ile inayobaki asubui. Hatutaki kuandika gramu hapa, kwa sababu mbuzi nne na siku chache si kazi ya chuo kikubwa. Lakini mtu yeyote aliyepita aliona. Mbuzi haili mtama. Mbuzi inachagua. Inavuta jani, inaacha bua. Kwa ile nyeupe kilichobaki asubui kilikuwa lundo la fimbo. Kwa ile ya tatu bua jembamba nalo liliingia, kikabaki kidogo tu. Jani ndilo lenye protini. Bua lina sukari na miti. Basi ukipewa protini ya mtama mzima, na mbuzi haili mtama mzima, ile hesabu si ya mbuzi yako.

Mpaka hapa mtasema, kumbe sisi tunasifu mbegu ya tatu. Ni kweli, kati ya zile tatu ndiyo ya kwanza. Lakini sasa tusikie neno la Papa mlinzi wa usiku, kwa sababu bila yeye labda tungekuwa na mbuzi chache leo.

Siku moja mwezi wa 10, mtama ukiwa haujafika magoti, wadogo wawili wa zamu walibeba mzigo wa ile nyeupe kuelekea zizi. Papa mlinzi alikuwa anarudi kwake. Akasimama njiani, akasema, "Batoto, munapeleka wapi ile mutama? Ngojeni kwanza. Ile iko ingali mutoto. Iko na sumu sawa muhogo ya uchungu."

Tuliitwa. Tukamwuliza kwa heshima, "Papa, mulionaka wapi ile mambo?"

"Kwa bazee. Ngombe iliingia mu shamba ya mutu asubui, njaa ilikuwa inaiuma. Mbele jua ipande muzuri, ilikuwa imekufa. Na tumbo haikuvimba."

Tulienda kwa vitabu na kwa mwalimu. Papa alisema kweli, hata neno la muhogo ni kweli kabisa. Ndani ya jani la mtama, ngozi ya juu inaweka kitu kinachoitwa durini, na nyama ya jani inaweka kichachisho chake, kila kimoja nyumba yake. Vikikaa mbali hakuna shida. Mnyama akitafuna, nyumba zinavunjika, viwili vinakutana, na sianidi inatoka. Muhogo una kitu kingine, jina lake linamarini, lakini mwisho wake ni sumu ile ile. Mama zetu wanaijua bila kuitaja jina: ndiyo sababu wanaloweka muhogo siku tatu ndani ya maji, ndiyo sababu sombe inatwangwa na kupikwa muda mrefu. Mahali ambapo watu walikosa muda ao maji ya kuloweka vizuri, katika inchi yetu hii, waliona ugonjwa wa konzo, miguu inakauka na kukataa kutembea. Daktari Trolli aliandika habari zake kule Kwango mwaka wa 1938. Mbuzi hana mama wa kumlowekea.

Na kipimo chake ni kidogo kwa namna ya kutisha. Miligramu 2 hivi za sianidi kwa kila kilo ya mwili, zikiingia kwa haraka, zinaweza kuua. Mbuzi yetu ya kilo 25 ni miligramu 50. Vitabu vinasema majani mabichi yenye miligramu 200 kwa kilo ni ya hatari. Fanyeni hesabu: robo kilo. Robo kilo ni mikono miwili ya mtoto. Mbuzi anapumua haraka, anatetemeka, anaanguka, na damu yake ni nyekundu ya kung'aa, kwa sababu hewa iko ndani ya damu lakini mwili hauwezi kuitumia. Daktari wa mifugo ana dawa ya kuchoma, lakini mpaka afike zizini kwetu, mbuzi amekwisha kuwa mchuzi.

Sumu hii ni nyingi kwa mtama mchanga, kwa machipukizi yanayotoka baada ya kukata, na kwa mtama uliosimama kwa ukame kisha ukapata mvua. Inapungua mtama ukikua. Na hapa namna za mtama zinaachana kweli kweli: jamaa ya nyasi ya Sudani kwa kawaida ina sumu kidogo kupita mitama ya nafaka. Wamarekani walitafuta mpaka wakapata moja yenye kidogo sana, wakaiita Piper. Uwele nao, ambao ni jamaa ya mbali, hauna sumu hii. Tukilinganisha mitama, sumu iwe hesabu ya kwanza kutazamwa, mbele ya protini. Kwa ile karatasi haikuandikwa hata mstari mmoja. Tena angalieni ubaya wake: mtama mchanga kabisa, ule wenye protini ya kusifiwa, ndio pia wenye sumu nyingi.

Tangu siku ile tumeweka fimbo yenye alama kwa mlango wa shamba, sentimeta 60 kwa ile ya tatu, na zaidi kwa zile mbili. Mtama usiofika alama haukatwi. Papa mlinzi ndiye anayeishika fimbo, na mtu asijaribu kubishana naye.

Tuseme sasa juu ya inchi, kwa sababu mtu anaweza kutujibu: basi tuagize mbegu nyingine iliyo bora zaidi. Zipo. Huko Kenya wakulima wana mitama miwili yenye sifa, E1291 na E6518, ya mbegu na ya majani pamoja. Lakini ilitafutwa kwa inchi za juu zenye baridi, na Kindu iko karibu metre 500 tu juu ya bahari. Nao Wamarekani wa Texas wana mitama isiyotoa maua, inaendelea kutoa majani tu, miezi na miezi. Mwenzetu mmoja alipenda sana kusikia hivyo, akataka tuiandikie kampuni barua. Tulimwambia atazame saa yake. Mtama wa namna ile hauchanui mpaka mchana umepunguka karibu masaa 12 na dakika 20. Kule Texas wakati wa joto mchana ni mrefu, masaa 14, basi mtama unangoja. Hapa kwetu, digri 3 hivi kusini ya ikweta, mchana haufiki kipimo hicho hata mwezi wa 12. Ule mtama ukipandwa Kindu utadhani wakati wake umefika tangu siku ya kwanza, utatoa maua upesi kama wengine. Karatasi haikudanganya, ila iliandikwa chini ya jua lingine.

Na mvua yetu. Mtama ni mti wa inchi kavu. Kwetu mvua inapiga toka mwezi wa 9 mpaka wa 5, hewa ni ya maji, udongo ni mkali wa asidi. Kufika mwezi wa 12 majani ya ile nyeupe yalikuwa na madoa mekundu chini mpaka juu, na jani lenye madoa linakauka mbele ya wakati. Ile ya tatu ilipata madoa pia, lakini ilikuwa imekwisha kukatwa mara moja na kuchipuka upya.

Sasa matete. Watu wa Kivu wanayaita mabingobingo, na kule hawayadharau. Yamesimama miaka bila mtu kuyapanda tena, mvua haiyasumbui, hayana sumu ya namna ile. Ubaya wake ni umri tu. Desturi tuliyoikuta ni hii: wadogo wa zamu wanakata karibu na njia, mahali pa mvua kidogo na nyoka kidogo, na kule ndani matete yanakuwa miti ya kujengea. Karibu na njia yanakatwa yangali machanga mno mpaka shina linachoka. Ndani hayakatwi kabisa. Mtu akipima protini ya yale ya ndani na kuilinganisha na mtama wa majuma tano, matete yatashindwa, na hata mtama mzee ungeshindwa.

Basi haya ndiyo tunayoleta mbele ya mkutano. Matete yasing'olewe. Tumeligawanya shamba kwa sehemu 8 kwa kamba na vijiti. Kila juma linakatwa sehemu moja tu, hivi kila sehemu inarudiwa baada ya majuma 8, haijawa mti. Kila mbuzi inataka karibu kilo 4 za majani mabichi kwa siku, mbuzi 12 ni kilo 48, na sehemu moja inatosha juma ikiwa mvua iko. Tumeisha kujaribu mizunguko miwili. Wadogo walilalamika juu ya nyoka, tulifyeka vinjia.

Mtama wa tatu upewe kazi moja, ile ya kiangazi. Tupande kwa kipande kilichoachwa na viazi vitamu, mwezi wa 2 mwishoni, tukate mwezi wa 4 ukianza kutoa vichwa. Kuukausha wakati ule ni kazi ngumu, mvua itaunyeshea. Lakini kwa sababu bua lake lina sukari, unakubali kuchachishwa: unakatwa vipande vidogo kama vidole, unashindiliwa ndani ya mifuko ya plastiki mpaka hewa yote itoke, unafungwa kabisa, unawekwa ndani ya giza mbali na panya. Baada ya mwezi mmoja unafunguliwa, una harufu ya ukali mzuri, na sumu nyingi imepotea. Mwezi wa 7 tutaongeza juu yake majani ya viazi vitamu, na majani ya muhogo yaliyokaushwa juani, yenye protini kupita mtama wowote wa karatasi yoyote. Machipukizi ya mtama yatakayotoka baada ya kukata yasiguswe mpaka yapite fimbo ya Papa.

Mbegu nyeupe turudishe jikoni, ni chakula kizuri cha watu, kama tutapata mtu wa kufukuza ndege. Ile ya kahawia, wazazi wataona wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo hatukulipata jibu. Mwezi wa 7 na wa 8 mabweni ni tupu, wa zamu wamerudi kwao, na ndiyo miezi ambayo mbuzi zinakonda. Mifuko ya mtama haijifungui yenyewe. Sisi wa mwaka wa mwisho tutakuwa tumekwisha kuondoka. Tunatafuta wanafunzi sita wanaokaa hapa mjini Kindu, wawili kwa kila juma, wa kulisha asubui na jioni wakati wa likizo. Ng'ambo zote mbili za mto zinakubaliwa, lakini mtu wa ng'ambo ya pili afikiri kwanza juu ya pirogi ya asubui. Majina yaandikwe kwa kapita wa bweni la pili mbele ya siku ya tano. Mpaka leo yameandikwa matatu, na mmoja wao ni yule aliyekuwa mlinzi wa mabua matamu.